Muulizeni msomaji aligombana na kitabu wapi

Kurasa za vitabu katika magazeti yetu ya Kiswahili husomeka kama hotuba za harusini. Bwana harusi kijana mtanashati, bibi harusi katulia, wazazi wamelea, chakula kiko njiani. Mwandishi amezindua kitabu chake, mgeni rasmi kakisifia, picha imepigwa, na chini ya picha kuna aya mbili zilizochotwa kutoka jalada la nyuma. Bado sijasoma popote mhariri akimwuliza mtu aliyetoa fedha yake mfukoni: bwana, ulifika ukurasa wa ngapi ndipo ukakiweka chini?

Hilo ndilo swali ninalouliza mimi. Nauza nguo za mitumba, huku tunaziita salaula, katika soko la Mununga, ufukweni mwa Ziwa Mweru upande wa Zambia. Nilizaliwa Sumbawanga, ndoa ikanileta huku. Pembeni ya marobota ya nguo nina rafu ya vitabu, vingi vya Kiswahili, vilivyopita Tunduma, Nakonde na Kasama chini ya viti vya mabasi. Lugha za shule huku ni Kibemba na Kiingereza. Kiswahili chetu kimekuja kwa maji. Wafanyabiashara wa Pweto na wa Kilwa ya Kongo huvuka ziwa kuuza na kununua, na mwaka 2017 walivuka mpaka watu wengi zaidi, safari hii wakikimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika. Walipokelewa Kenani, wilayani Nchelenge, kisha mwaka 2018 yakafunguliwa makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wilaya hiyohiyo, na wapo ambao hawajarudi kwao. Changanya hao na Watabwa, Washila na Wabwile waliookota Kiswahili sokoni au ndani ya boti, ndio wasomaji wangu.

Vitabu hivyo siuzi, naazimisha. Ada ni moja: ukirudisha, unaniambia uligombana nacho wapi. Kama umekipenda, hiyo ni siri yako. Mtu ukimwuliza kama amekipenda kitabu atakujibu kwa heshima, hasa akiwa amekiazima bure, na heshima hiyo haimsaidii kitu anayekuja kuazima baada yake. Ukimwuliza waligombana wapi, anavuta kigoda. Majibu nayaandika katika daftari la madeni, kurasa za nyuma, na kwa kuwa ni daftari la madeni watu huwa makini na wanachokisema.

Msimu mkubwa wa kusoma ni masika. Serikali hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Nyavu zinatundikwa, na wanaume ambao miezi mingine huwaoni mchana kwa kuwa wamekesha ziwani wakivua chisense, wale dagaa wetu, kwa mwanga wa taa, sasa wanakaa barazani kwangu na taa zilezile za sola, hawana pa kwenda nazo. Anayejua kusoma anasoma. Asiyejua anasikiliza, na ukali wa maoni yake haupungui kwa hilo.

Vitabu vya biashara ndivyo vinavyoombwa kwanza. Ninacho Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki, kilichotoka mwaka 1997. Nakala yangu ni ya Kifaransa, imefika kutoka Lubumbashi bila jalada. Hakisomwi kimya kimya. Mwenye Kifaransa anasoma, anakigeuza papo hapo kuwa Kiswahili cha Katanga, wengine wanamkatiza. Kiyosaki anasimulia habari za baba wawili: wa kwanza msomi mwenye mshahara, aliyeshughulika na elimu, ambaye fedha hazikumkalia, wa pili baba wa rafiki yake, asiyemaliza shule, ambaye alitajirika. Kijana anaamua kumsikiliza huyo wa pili.

Fundi mmoja wa injini za boti alikipenda hadi akataka nimuuzie. Kilichomkolea ni pale mwandishi anaposema nyumba unayolala ndani yake haikuingizii kitu, inakutoa tu, hivyo usiihesabu kuwa ni mali. Fundi akasema ndiyo maana yeye amejenga vyumba vya kupangisha wachuuzi wa samaki, na mwenyewe analala katika kile kinachovuja. Mwalimu wa shule ya msingi alikuwa amekaa mkabala naye. "Yaani, mama," akaniambia mimi, maana fundi hakutaka hata kumtazama, "mtu anaandika kitabu kumsema vibaya baba aliyemfundisha kuandika?" Fundi akacheka. Mwalimu akamgeukia: "Na hivyo vyumba vyako, mpangaji wa Januari ni nani?" Hapo fundi hakucheka. Januari ziwa limefungwa, wachuuzi wamekwisha kurudi Copperbelt, vyumba vina popo.

Niliandika yote mawili. Kwangu huo ni uhakiki kamili wa Kiyosaki: mmoja ameonyesha ushauri unafanya kazi wapi, mwenzake ameonyesha unakoma mwezi gani. Gazeti lingeniambia tu kwamba kitabu kimeuzwa kwa mamilioni duniani, jambo ambalo halinisaidii kujua kama nikiazime au niache.

Kingine ni cha George Clason kuhusu Arkad, tajiri wa Babeli, ambacho asili yake ni vijitabu vilivyoanza kutolewa Marekani mwaka 1926. Ushauri wake mkuu ni kwamba katika kila unachopata, sehemu moja ya kumi uiweke iwe yako kabla hujamlipa mtu mwingine. Mama mmoja anayeanika chisense alisomewa na binti yake. Hasira zake ziliiangukia Babeli yenyewe. "Huyu Arkad hana mujomba?" aliniuliza. "Hana dada mwenye msiba? Anaweka, anaweka, na hakuna mutu anakuja kupiga hodi?" Yeye fedha yake huipeleka kwenye chilimba, upatu wenu, na wanawake wenzake, kwa makusudi kabisa, ili isikae nyumbani ikaonekana. Fedha ambayo mwezi huu ni zamu ya mwenzako, ndugu hawezi kukuomba. Clason hana habari hiyo. Matajiri wake wote wanaweka akiba peke yao, kila mtu na mfuko wake, na mji mzima unawaheshimu kwa hilo.

Lakini Machi, ziwa lilipofunguliwa, mama huyo alikuwa na mtaji wakati wenzake wanahangaika kutafuta wa kuwakopesha. Tangu Septemba, katika kila meda kumi za chisense, yale makopo tunayopimia, alikuwa akitoa moja na kuiweka kando. Kitabu amekitukana, ushauri wake ameuchukua. Nani katika magazeti yetu ameruhusiwa kufanya yote mawili kwa kitabu kimoja?

Hapa Mununga, hata hivyo, kitabu cha biashara kinachogombewa kuliko vyote ni kimoja ambacho maktaba yoyote ingekiweka kwenye tamthilia. Mwalimu Nyerere aliutafsiri mchezo wa Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice akauita Mabepari wa Venisi, ukachapwa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, naye akiwa Rais. Nyumbani Tanzania tulizoea kuusoma na siasa ya wakati ule pembeni. Ufukweni hapa hakuna anayejali siasa hiyo. Watu wanauliza habari za kaloba.

Kaloba ni mkopo wa mtaani. Unachukua kwacha 1,000 leo, mwisho wa mwezi unarudisha 1,500, na kabla hujaondoka unaacha dhamana: kadi ya benki, runinga, injini ya boti. Desemba ikikaribia wakopaji wanaongezeka na masharti yanakaza, maana kila mtu anajua kuna miezi mitatu bila samaki. Watu hao ndio wanaosikia kwamba Antonio wa Venice amekopa kwa Shylock dukati 3,000, muda wa kulipa miezi mitatu, dhamana yake ratili moja ya nyama ya mwili wake, na tegemeo lake meli ambazo bado ziko baharini. Miezi mitatu! Baraza zima lilipiga kelele. Msomaji alilazimika kusimama hadi watu watulie.

Mwenye boti mbili alimhukumu Antonio palepale. Mzigo ulio majini hauwekwi rehani, alisema. Samaki ambaye bado yuko chini ya maji hata usimtaje mbele ya mwenye kaloba, atakuandikia. Kijana mmoja aligombana na sababu ya mkopo. Antonio hakukopa kwa biashara yake. Alikopa ili rafiki yake Bassanio apate nauli na nguo za kwenda kumposa binti tajiri. Kukopa kaloba kwa ajili ya posa ya rafiki! Wanawake wakamwambia atulie, bado hajaoa, na hajui kaka zake wamemwekea dhamana mara ngapi. Mama mmoja kutoka Kongo aliyekuwa kimya muda wote alisema jambo lake mwishoni kabisa, baada ya hukumu, Shylock alipokwisha kuamriwa abatizwe: wamemunyanganya mali, sasa wanamunyanganya na dini. Halafu akaondoka kwenda kupika. Nimesoma maelezo ya darasani kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi katika mchezo ule, marefu na mazuri, na sikumbuki hata moja lililofika hapo haraka hivyo.

Aliyenishangaza zaidi ni bwana wa kaloba mwenyewe. Tunaye, duka lake haliko mbali na langu, na mimi nimewahi kuwa mteja wake. Alikiazima akakisoma peke yake nyumbani, hakutaka kusomewa barazani. Alipokirudisha alikuwa na hoja zake zimepangwa. Kwanza, alisema, Antonio alikuwa akikopesha bila riba na kuharibu soko, kisha anamtemea Shylock mate mbele ya watu, kisha shida ikimpata anakuja kubisha hodi mlangoni kwake. "Mimi hao ninao," akasema. Pili, kesi. Mwanasheria anayekuja kuamua, yule anayesema chukua nyama lakini tone la damu lisidondoke, ni Portia aliyejivika nguo za kiume, na Portia ndiye mke wa Bassanio. "Dada, hakimu ni mke wa rafiki wa mdaiwa. Hiyo kesi ilikwisha kabla haijaanza."

Nilibishana naye. Nilimkumbusha kwamba mahakamani Bassanio alisimama akatoa mara mbili ya deni, fedha taslimu, na Shylock akakataa. Mkopeshaji anayekataa kulipwa mara mbili hatafuti tena fedha yake, anatafuta mtu afe. Bwana wa kaloba alikaa akifikiri, akifungua na kufunga kitabu. "Hapo alikosea biashara," akasema. "Mimi ningepokea."

Baada ya misimu kadhaa ya mabishano haya nimefikia msimamo wangu, nao ni kwamba vitabu vya biashara huku vinahukumiwa kama hadithi, na hadithi zinahukumiwa kama vitabu vya biashara, na wasomaji wana haki. Kiyosaki na Clason wanamweleza mtu jinsi ya kupata fedha katika nchi ambayo haina masika wala misiba, na mkopeshaji ndani yake haonekani usoni. Hadithi inamleta mkopeshaji, inampa jina na kinyongo, inamweka mdaiwa mbele yake. Mtu wa Mununga akitaka kujua mkopo unafanya nini ndani ya mji, rafu ya mafanikio haitamsaidia sana.

Hata vitabu vya watoto. Mwana Mdogo wa Mfalme, Kiswahili cha hadithi ya rubani Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry iliyotoka mwaka 1943, kimechapwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Kinaanza na mchoro ambao mwandishi anasema alipokuwa mtoto aliwaonyesha watu wazima wakaona kofia, kumbe ni chatu aliyemeza tembo. Niliwaonyesha watoto wa hapa mchoro huo kabla sijawasomea. Hakuna aliyeona kofia. Hakuna aliyeona chatu pia. Wote waliona kichuguu, na mmoja akanionyesha kwa kidole ni kipi, kile kilicho nyuma ya shule. Nilipowaambia ni chatu na tembo wakabisha: chatu hammezi tembo, humeza mbuzi, na akishammeza hawi na umbo hilo. Kikafuata kikao kirefu cha nani amewahi kumwona.

Ndani ya kitabu hicho kuna mfanyabiashara anayekaa peke yake katika sayari yake akihesabu nyota. Amefika 501,622,731. Anasema ni zake, anaandika idadi katika karatasi, anaifungia karatasi kwenye droo, basi. Watoto walimwona mpumbavu wakapita, maana walitaka kujua habari za kondoo. Wazazi waliokuwa wakichagua nguo pembeni ndio waliosimama. Mzee mmoja mvuvi akasema anamjua mtu huyo kwa jina na nyumba yake: anamiliki nyavu nyingi kuliko mtu yeyote hapa na hajawahi kulowa. Kila mmoja alijua anayesemwa. Kitabu kile kina neno la watoto kwenye maelezo yake yote, na kwa neno hilo moja watu wazima wengi hawatakigusa. Mvuvi yule alikisikia kwa bahati tu, kwa kuwa mkewe alikuwa anajaribu sketi.

Watoto wenyewe wana malalamiko mengine. Alisi wa Lewis Carroll, ambaye kwa Kiswahili alifika kwanza mwaka 1940 kwa jina la Elisi, kisha akatafsiriwa upya na Ida Hadjivayanis mwaka 2015, aliwaudhi wasichana wa darasa la sita. Anaingia nchi ya watu na hamwamkii mtu yeyote. Anabishana na malkia akiwa amesimama wima. Niliwaambia hata malkia mwenyewe hana adabu. Wakasema huyo ni malkia.

Hadjivayanis huyohuyo ndiye aliyemleta Abdulrazak Gurnah kwenye Kiswahili: Paradise, riwaya ya mwaka 1994, imekuwa Peponi mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Tuzo ya Nobel. Ni habari ya Yusuf, mvulana wa miaka kumi na miwili ambaye baba yake ana deni kwa tajiri Aziz, na deni linalipwa kwa mtoto. Aziz anaondoka naye kwa treni. Mama mmoja wa Mantapala, anayekuja Mununga kuuza mihogo, alikirudisha mapema mno. Nikamwuliza aligombana nacho wapi. Akasema na yule mama, mzazi wa Yusuf. Kwa nini hakumshika mtoto? Nikamwambia endelea, kitabu ni kirefu, mambo yanabadilika. Akasema amekwisha. Nimeandika: aliishia kituo cha treni. Riwaya ile imeandikwa makala nyingi sana duniani tangu ile tuzo, na mstari wangu huo mmoja siubadilishi na makala yoyote.

Kitabu kinachofika mlangoni mwetu kabisa kiliandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyefia Zanzibar mwaka 1905, aliandika maisha yake mwenyewe. Mjerumani Heinrich Brode akayachapa mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye W. H. Whiteley akayatoa tena Afrika Mashariki. Mwaka 1867, kati ya ziwa letu na Ziwa Tanganyika, Tippu Tip alipigana na Nsama, mtawala wa Watabwa. Ni mwaka uleule ambao Livingstone alifika Mweru, mwezi Novemba. Tippu Tip anasimulia jinsi alivyopigwa mishale, jinsi bunduki zilivyoshinda, na pembe alizochukua. Nsama hadi leo ni cheo cha chifu wa Watabwa na ni jina la wilaya.

Mzee wa Kitabwa alisomewa kitabu hicho na mjukuu wake wa sekondari, binti aliyekuwa akijikwaa kwenye Kiswahili cha zamani na kuniletea maneno niyaeleze. Kuna ambayo hata mimi niliyaruka. Mzee alisikiliza vita ile yote. Hakusema ni uongo. Alisema: "Hii kesi ina upande mmoja. Nsama hakuwa na karani." Kisha akaanza kumsimulia mjukuu kama alivyosimuliwa yeye na wazee wake, na mambo mengi yalikuwa tofauti, kuanzia na nani alimchokoza nani. Binti hakuandika, nilimwomba aandike, sijui kama ameandika.

Bwana wa kaloba naye alikisoma, na alikishika pale ambapo mimi sikuwa nimepatazama. Tippu Tip hakusafiri kwa mali yake. Bidhaa alizobeba alizikopa kwa matajiri wa pwani, azilipe kwa pembe akirudi. Mwenye deni Unguja, alisema bwana yule, hawezi kurudi mikono mitupu. Akiona pembe zimejaa mahali, amani ataiweka wapi? Simtetei Tippu Tip kwa hoja hiyo, na mzee wa Kitabwa aliposimuliwa aliikataa kabisa, akasema mwizi huwa hakosi sababu. Lakini tazama kilichotokea: kitabu cha Kiswahili chenye umri wa zaidi ya miaka mia, kinachotaja nchi hii, hatimaye kimepata mkopeshaji na Mtabwa wa kukihojia. Waliokijadili miaka yote hiyo walikuwa wanahistoria.

Nawajua watakaonipinga. Wa kwanza ni msomi atakayesema mtu wa sokoni hana vipimo, anahukumu kazi ya sanaa kwa shida zake za Januari. Ndiyo, na mimi sitaki Chuo Kikuu kifungwe. Wasomi wana majarida yao, waendelee. Ninalolilalamikia ni gazeti, ambalo halimpi nafasi msomi wala mtu wa sokoni, linampa mgeni rasmi. Wa pili ni mchapishaji. Atasema soko la kitabu cha Kiswahili ni dogo, ukiruhusu watu wakiseme vibaya utalimaliza. Daftari langu linasema vingine. Mwanzoni Kiyosaki alikaa rafuni mwaka mzima bila mtu; siku mwalimu alipokasirika mbele ya watu, kesho yake kulikuwa na foleni. Peponi kiliazimwa na wanawake wawili kwa sababu tu walisikia mwenzao ameshindwa kukimaliza.

Na mchapishaji angejifunza mambo ambayo mgeni rasmi hatamwambia. Kwamba herufi za baadhi ya matoleo ni ndogo mno kwa taa ya kuvulia chisense. Kwamba gundi ya mgongo inaachia ikikutana na unyevu wa Februari, na kurasa za kwanza kuanguka ni za katikati. Kwamba kitabu kisichoandikwa bei popote humfanya mtu aogope hata kuulizia. Kwamba vitabu vya biashara kwa Kiswahili chenye maisha ya hapa ndani yake, vyenye chilimba, kaloba na miezi mitatu ya kufungwa ziwa, vinaombwa kwangu kila wiki na sina cha kutoa.

Mhariri akitaka, ukurasa mmoja kwa mwezi unatosha. Jina la kitabu, bei yake, na wasomaji watatu wanne wakisema waligombana nacho wapi, kila mmoja kwa Kiswahili chake, na ukurasa alioishia kama hakumaliza. Wapo Mununga, wapo Kigoma, wapo Lamu na Bukavu. Nimekwisha kumwambia yule bwana wa kaloba kwamba maneno yake kuhusu Shylock huenda yakatoka gazetini. Akauliza gazeti linalipa kiasi gani. Nikamjibu halilipi. Akasema basi nimwandike kwenye daftari, kurasa za mbele, upande wa wanaonidai.